Kigingi cha Jirani

Nakumbuka asubuhi moja moto ulizimika jikoni kwetu, na bibi yangu akanikataza kwenda kuomba makaa kwa jirani.

Mwanangu, enzi hizo kiberiti kilikuwa kitu cha kutunza. Moto ukizimika, mtoto hutumwa na kigae, anarudi na makaa mekundu. Jirani yetu alikuwa Mama Holo, mjane, shamba lake limepakana na letu nyuma ya stesheni ya reli.

Juma lile wapima ardhi walikuja kupimia kambi ya jeshi, na vigingi vyao vikapita katikati ya pamba yetu. Hofu iliyoingia nyumbani sina namna ya kukusimulia. Baba hakula, mama alipalilia huku analia. Kaka yangu Masanja akadhani amepata dawa: akaving'oa alfajiri, akavipigilia upande wa Mama Holo. Nyumba nzima ikapumua.

Basi nilipoinua kigae, Bibi akaniambia, "Rudi." Akamgeukia Masanja.

"Ng'wana wane, mwanangu, nani ataomba moto kwa mtu uliyemfukuza?"

"Bibi, nimehamisha vijiti tu."

"Kamuulize mama yule atalala wapi vijiti hivyo vikigeuka kambi."

Tulishinda na unga mbichi. Jioni Masanja alikwenda kuvirudisha, Mama Holo akimtazama. Shamba letu likachukuliwa, sikufichi. Tangu hapo niliamshwa na tarumbeta la askari. Lakini moto tuliuomba kwa Mama Holo mpaka siku alipozikwa.

Sasa inapimwa reli mpya, vigingi vimeingia kwenye mpunga wako, nawe jana umerudi kutoka machimbo ya Geita, hata shikamoo hujamaliza, unauliza sururu iko wapi! Najua unachowaza. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nenda kwa mtendaji wa kijiji. Uliza, bishana, dai haki yako mchana kweupe. Nitakufuata, japo magoti haya ni ya kubembeleza. Ila kigingi usikiguse. Shamba likichukuliwa tutalia pamoja na majirani. Ukimsukumia jirani msiba wako, utalia peke yako.

Mungu akuachie shamba lako, mwanangu. Na asipokuachia, akubakizie mlango wa kuomba moto.