Namba za Jumatano na Ijumaa

Mama alipogundulika ana kisukari, kliniki ilimwingiza katika mpango wa simu. Simu yake ni ya kitochi, ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo ujumbe ulikuja kwangu: mpime sukari, andika namba. Namba mbaya iligeuka nyekundu, na muuguzi alipiga siku hiyohiyo.

Alipiga kweli. Alinikuta kibandani kwangu soko la Nakawa, mteja ameshika kitenge anangoja bei, naye anataka kujua Mama alikula fufu kiasi gani jana. Mimi si mtu wa subira. Wiki ya pili nilikuwa nimeichukia ile rangi kuliko ugonjwa wenyewe.

Mama alikuwa akifunga Jumatano na Ijumaa pamoja na Wakongomani wenzake wa chumba cha maombi, hali kitu mpaka jioni. Kisukari hakikumzuia. Jumatano moja nilitoka sokoni nikampima kabla hajafungua, namba ikaja ya kijani, simu ikaandika hongera. Nilifurahi kama niliyeshinda mtihani. Tangu hapo nikampima siku hizo mbili tu, uji ukiwa bado jikoni. Muuguzi alipouliza mbona siku nyingine kimya, nilisingizia kazi. Alipouliza kama Mama anakula kabla ya kupima, nilisema anakula kama kawaida. Dawa ikabaki ileile kidogo, maana namba zangu zilisema inatosha.

Miezi ikapita, Mama akaanza kulalamika kiu, na miguu kuwaka moto. Nilimwonyesha simu, kijani tupu, nikamwambia ni uzee. Aliniamini. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi.

Kisha ndala ikamchubua kidole gumba cha mguu. Kidonda hakikupona, kikaanza kunuka, na hospitali wakakikata kidole.

Muuguzi alikuja wodini. Alifungua orodha ya namba zetu, akauliza kwa upole imekuwaje mtu mwenye sukari nzuri namna hii akafika hapa. Mama alinitazama kidogo, akanitangulia kujibu.

"Huyu mutoto hajue kitu, dada. Ni miye njo nilikuwa najipima, siku ya maombi tu. Mumusamehe."

Muuguzi alimkaripia mama yangu kama mtoto mtundu, naye akaitikia ndiyo, ndiyo, mguu ukiwa kwenye bandeji. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya binti anayemfichia mama yake ili asisumbuliwe kibandani.

Siku hizi hafungi tena, daktari alimkataza. Nampima kila asubuhi, iwe nyekundu au kijani, na tukiwa wawili hatuizungumzii siku ile. Muuguzi bado hupiga. Kabla ya yote huniuliza kama Mama ameacha ule ujanja wake wa siku za maombi.

Nami humjibu kwamba ameacha.