Programu ya kudarizi ilikuwa inafunguka na kufa hapo hapo: nilivyobeba CPU hadi Mwera kuifuata printa

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa huko bara na wa huku pwani.

Jumamosi, wiki tatu zilizopita, siku moja baada ya arobaini ya kaka yangu, nilipoteza ua.

Ni ua la kilua alilolichora marehemu kwenye kompyuta, la kudariziwa kifuani mwa gauni la harusi la binti yake. Harusi ilikuwa Ijumaa inayofuata. Mwenyewe aliusia kwamba isiahirishwe.

Nitaeleza kama ilivyokuwa. Nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga. Miye ni fundi cherehani, nimeishia la saba, kwa hiyo wataalamu mnivumilie.

Mimi na kaka Bakari tulikuwa na duka moja la kushona hapa Makorora, Tanga. Miye nakata na kushona, yeye anachora maua kwenye kompyuta na kuyapeleka kwenye mashine ya kudarizi kwa flash.

Kwa wasiojua: ile programu ina faili lake la kuchorea, na mashine inasoma faili la aina nyingine. Lazima ufungue programu, ulitoe ua kwa namna ya mashine. Kaka alichora, akahifadhi, akazidiwa kabla hajalitoa. Kwa hiyo ua lilikuwepo ndani ya kompyuta, ila halina njia ya kufika kwenye kitambaa.

Jumamosi hiyo nikawasha kompyuta. Nikabofya.

Ikaja ile picha ya sindano na uzi katikati ya kioo. Nikahesabu moja, mbili. Ikapotea.

Hakuna ujumbe, hakuna mlio. Kama mtu aliyechungulia mlangoni akaghairi.

Nikabofya tena. Hivyo hivyo. Nikazima na kuwasha. Nikajaribu Run as administrator. Nikazima antivirus. Nikabadilisha compatibility kama kaka alivyowahi kufanya. Nilibofya mpaka Mwanaidi, huyo binti mwenyewe, akaniambia, "Baba mdogo, utaichosha bure."

Jumapili nikamwita fundi wa kompyuta wa jirani. Akaangalia dakika tano, akasema, "Hapa tunapiga Windows upya, mzee. Tunafuta kila kitu, tunaanza moja."

Mwanaidi akamkazia macho. "Kila kitu? Na ua la baba?"

"Tutaweka kopi ya faili, dada."

"Na programu utaiweka kwa CD ipi?"

CD ya programu haijulikani ilipo tangu tuinunue. Nikamshukuru fundi, nikampa maji, akaenda zake.

Jumatatu ndipo nikafanya kitu cha maana kwa mara ya kwanza. Nikaingia humu humu jukwaani, nikasoma uzi wa zamani wa mtu ambaye programu yake ya kuchora ramani ilikuwa na tabia hiyo. Aliandika: kabla hujafuta chochote, fungua Event Viewer, tafuta mstari mwekundu wa saa ile programu ilipokufa, soma ni kitu gani kiliiangusha.

Sikujua kompyuta inaandika makosa yake! Mimi nadhani imekaa kimya, kumbe imeandika kila mara nilipobofya.

Mistari myekundu ilikuwa mingi, yote ya kwangu. Na yote ilitaja jina lile lile la faili kwenye sehemu ya Faulting module, yaani kilichoiangusha. Nikalinakili kwenye daftari la vipimo, herufi kwa herufi, maana Kiingereza changu ni cha kuombea maji.

Nikalitazama lile jina. Mwisho wake kulikuwa na namba. Ile namba naijua.

Ilikuwa namba ya printa ya kaka. Nimelifunga boksi lake kwa kamba kwa mikono yangu, na namba imeandikwa ubavuni kubwa kabisa.

Tatizo ni kwamba printa haipo. Kwenye arobaini vitu vya marehemu viligawiwa, na printa ikatolewa sadaka kwa niaba yake, kwa madrasa moja huko Mwera, upande wa Pangani. Kaka alisoma pale utotoni.

Kumbe programu, kabla haijafunguka, inaiulizia printa. Tumeigawa, programu haikuambiwa.

Nikaenda kwa shemeji, mama yake Mwanaidi. Bado yuko eda, hatoki. Nikamwambia kupitia mlangoni kwamba nataka kuazima printa siku moja tu.

"Kilichotolewa kwa jina la Bakari hakirudi nyumba hii," akasema. "Hata kwa saa moja. Watu watasema tumejuta."

Alikuwa na haki.

Nikakaa dukani nikiwaza. Halafu likanijia: printa haiwezi kuja kwenye kompyuta, lakini nani kakataza kompyuta kwenda kwenye printa?

Jumanne asubuhi nikaifunga CPU kwa blanketi, nikaipakata safari nzima hadi Mwera kama mtoto mchanga.

Maalim wa madrasa alinipokea barazani. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza. Akacheka hadi akashika ubavu. "Haya, mlete mgonjwa aonane na mwenzake."

Tukatumia kioo na kibodi vya madrasa. Nikachomeka waya wa printa. Nikasema bismillah, nikabofya.

Picha ya sindano ikaja. Moja. Mbili.

Printa ikaguruma.

Programu IKAFUNGUKA!

Wakuu, nilipiga ukelele darasa la jirani likaacha kusoma. Maalim akasema, "Taratibu, yakhe, watadhani nyoka." Nikafungua faili. Ua lile pale, petali zake ndefu zimejikunja kama zile za mkilua ulioko uani kwa kaka. Nikalitoa kwa namna ya mashine, nikaliweka kwenye flash, na kwenye flash ya pili, na Maalim akanitunzia kopi ya tatu.

Hapo ndipo Maalim akauliza, "Kwani ni lazima iwe printa hii? Si tuiambie iulizie nyingine?"

Akaingia kwenye orodha ya printa. Akatoa tiki ile ya kuiachia Windows ijichagulie, kisha default printer, yaani ile inayoulizwa kwanza, akaweka ile Print to PDF, ambayo si chombo, imo humo humo ndani. Akachomoa waya.

Nikabofya. Ikafunguka bila printa yoyote!

"Ungenipigia simu," Maalim akasema, "ningekwambia ukiwa Makorora."

Nimepakata CPU njia nzima kwa kazi ya dakika moja. Sioni aibu kulisema, na ningepakata tena.

Nilichojifunza: ukiona programu inachungulia na kufa, usikimbilie kufuta. Kasome Event Viewer kwanza, na utazame default printer yako kama bado ipo duniani. Ukimaliza kuchora kitu cha mtu, kitoe siku hiyo hiyo kwa namna inayotumika. Na mnapogawa vya marehemu, ulizeni kila kimoja kilikuwa kimeungwa na nini.

Wataalamu, nisaidieni: kwa nini programu ya kuchora maua ianze kwa kuulizia printa? Na wengine yamewahi kuwakuta? Andikeni hapa chini, nasoma zote.

Mtakaouliza gauni liliishaje, nawajibu mapema.

Jumatano nililidarizi, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Mwanaidi alisimama mbele ya mashine mwanzo mpaka mwisho. Uzi ulikatika mara moja, akautunga yeye tena sindanoni.

Tukampelekea mama yake ndani, miye nikaishia mlangoni. Akalipitishia kidole ua zima, polepole. Kisha akaligeuza gauni upande wa nyuma.

"Shemeji, nyuzi za huku hujazipunguza."

Akaomba mkasi, akasogea dirishani kwenye mwanga, akaanza kuzikata moja moja. Mwanaidi akakaa chini, akamshikia kitambaa.