Nilisema Mara Mbili

Mimi watu wananijua kwa mdomo. Mteja akinirudishia gauni eti linambana, namwambia gauni halina kosa, aulizwe mkaanga chapati, na bado anarudi kushona kwangu. Kwa hiyo mpaka leo sijielewi. Ilikuwaje mdomo huohuo ukajifunga siku ambayo neno moja tu lingeniokoa na wasiwasi wote ule?

Ilikuwa mimba yangu ya nne. Tulikuwa tumehama Gikondo tukaja Gisozi, hapahapa Kigali, ili mume wangu awe karibu na karakana yake ya makabati, na pia, jamani, tuwe karibu na mama yake. Kituo cha afya kipya, faili jipya. Mama mkwe akanisindikiza kliniki, akaingia nami mpaka ndani, akaweka kikapu chake miguuni na kukaa. Nani atamwambia mama mkwe asubiri nje? Muuguzi akaniuliza nimejifungua kwa upasuaji mara ngapi. Nikasema mara mbili.

Uongo. Nilikuwa nimepasuliwa mara tatu.

Uongo huo ulikuwa na umri sawa na mwanangu wa kwanza, miaka tisa. Nilimzaa Tanzania, nilikokulia, baada ya siku mbili za uchungu, na mwisho ikawa kisu. Mume wangu alipompigia simu mama yake Kigali, akamwambia nimesukuma mwenyewe, salama salimini. Mama yake amezaa saba bila hata panadoli, na mwana alitaka kumfurahisha. Akaniahidi atamwambia ukweli baadaye, nami nikanyamaza. Ndiyo ikawa hiyo. Kila walipokwenda kumwona mzazi, ule ugeni wanaouita guhemba, kina mama wanapobeba uji na maziwa, mama mkwe lazima anitaje: "Mkwe wangu huyu, mtoto wa kwanza alimsukuma mwenyewe, huko ugenini!" Wa pili na wa tatu nilipasuliwa tukiwa Gikondo. Kule nilikwenda kliniki na mume wangu tu, nikasema ukweli, na mama mkwe akawalaumu madaktari kwamba vijana wa siku hizi wanapenda visu.

Na tumbo halikunisaidia kusema. Lina mstari mmoja tu. Daktari wa pili alipita alipopita wa kwanza, na wa tatu vilevile. Ni kama pindo ulilofumua ukalishona tena palepale: kwa nje mshono ni mmoja, ila kitambaa kimechoka. Mimi fundi cherehani, nani wa kunifundisha hilo?

Mwezi wa saba wa mimba nikaenda kupigwa picha ya tumbo, mama mkwe tena ubavuni. Daktari, binti mdogo kwangu kwa umri, alizungusha kifaa, akarudi palepale, akarudi tena. Uso wake ukabadilika. Akaniambia kondo la nyuma limekaa chini, juu ya kovu.

"Kovu linaweza kulishika, mama, likaota mizizi humo. Siku ya kumtoa mtoto likikataa kubanduka, damu inamwagika sana. Na kila upasuaji unaongeza hatari hiyo." Akafungua faili. "Kwa mara mbili, naomba turudie picha baada ya wiki mbili. Ingekuwa tatu, ningekupa rufaa leo hii, uende hospitali yenye mabingwa na akiba ya damu. Ni mbili, sivyo?"

"Mbili," akajibu mama mkwe kabla yangu. "Wa kwanza alimsukuma mwenyewe."

Nami nikaitikia kwa kichwa. Haki ya Mungu, niliitikia.

Siku zilizofuata kazi haikwenda. Nilikuwa nakata kitenge, nasimama na mkasi mkononi, sikumbuki nilikuwa nakata nini. Kila nilipokwenda msalani nilichungulia kama nimeona damu. Mtoto akicheza naogopa, asipocheza naogopa zaidi. Niliwatazama wanangu watatu wakila, nikawaza nani atajua kwamba wa katikati hali vitunguu. Niliogopa kufa, basi, sina namna nyingine ya kulisema.

Nikamfuata mume wangu karakana. Alikuwa anapiga msasa mlango wa kabati.

"Mwambie daktari ukweli," akasema.

"Mwambie mama yako! Uongo ni wako."

"Mambo ya uzazi ni ya wanawake."

"Weee! Siku ile ya simu hayakuwa ya wanawake?"

Wenzake wakageuka kututazama. Yeye akainama, akaendelea kupiga msasa palepale mpaka nikaona ataumaliza ubao. Nikaondoka zangu. Nilikuwa nimemkasirikia yeye, lakini zaidi nilijikasirikia mwenyewe, kwamba aibu ya mbele ya mama mkwe nimeipa uzito kuliko roho yangu.

Siku ya tano, asubuhi, nilikuwa napinda mshanana wa bibi harusi, lile vazi la sherehe la bega moja. Nikainuka kwenye kiti nikaona damu. Si nyingi, lakini nikampigia mume wangu palepale. Mume wangu akaja na teksi, na ndani ya teksi, mbele, alikuwa ameketi mama yake na kikapu chake.

Chumba kilekile, daktari yuleyule. Mama mkwe akakaa palepale. Sikumtazama yeye, nilitazama kikapu.

"Daktari, si mara mbili. Ni tatu. Hata yule wa kwanza nilipasuliwa."

Mama mkwe alikuwa anajipepea kwa kitambaa. Kitambaa kikasimama. Daktari hakunigombeza hata kidogo, na afadhali angenigombeza. Alishika simu papo hapo, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa kwenye gari la wagonjwa nikipelekwa hospitali kubwa. Mama mkwe alibaki amesimama mlangoni mwa kituo. Hakuniaga.

Walinilaza wiki tatu. Hakuja hata siku moja. Ila kila asubuhi mume wangu alileta uji kwenye chupa ya chai ya mama yake, na kila asubuhi nilimuuliza, "Amesema nini?" Jibu lilikuwa lilelile: hajasema kitu. Nikaunywa bila kujua kama nimesamehewa au nalishwa tu kwa sababu ya mjukuu. Wakaniletea karatasi: damu ikikataa kusimama, wataondoa mji wa mimba. Nikaweka sahihi, herufi zangu sikuzitambua.

Siku yenyewe walinichoma sindano ya mgongo. Nilimsikia mtoto akilia, wa kike. Kisha nikasikia sauti zao zikishuka na miguu ikienda haraka, mtu akisema damu iongezwe. Nikataka kuuliza, wakanilaza usingizi. Nilipoamka mji wa mimba haukuwapo. Kondo lilikuwa limeng'ang'ania kovu. Bingwa akaniambia, "Kama uchungu ungekukuta kule kituoni, bila damu hii..." Hakumaliza, nami sikumwomba amalize.

Nilirudi nyumbani, na wageni wa guhemba wakaja kama kawaida. Mama mkwe ndiye aliyewapokea. Tulikuwa bado hatujazungumza, zaidi ya salamu. Jirani mmoja akamchungulia mtoto, akasema, "Na huyu kisu tena? Basi angefanya kama kwa yule wa kwanza!"

Nikakaza macho kwenye shuka.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Yule wa kwanza niliwadanganya," akasema. "Sikujua, lakini niliwadanganya. Wa kwanza kisu. Wa pili kisu, wa tatu kisu, huyu kisu."

Mwingine akajaribu kutania, "Haya, na wa tano je?"

"Hakuna wa tano. Mwanamke huyu nilikaa pembeni yake nikasema mbili, akaogopa kunikosoa. Ningemzika kwa ajili ya mdomo wangu."

Machozi yakanitoka mbele ya wageni wote. Akaja kitandani, akamimina uji kutoka chupa ileile ya chai.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Siku nyingine nikiongea upuuzi, unikatize."