Mama Yuko Njia ya Kwanza

Mwaka nilioingia studio ni ule tulioachana na ugali wa yanga, ule wa unga wa njano wa msaada, unaonuka gunia. Maduka ya Dodoma yakajaa mchele na sukari, foleni hakuna, na stendi mtu anakula chipsi mayai mchana kweupe kama vile ni sikukuu. Kwetu kijijini tuliendelea na mlenda.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya dada yangu. Shule niliishia darasa la nne, lakini sauti nilikuwa nayo, tena si ya kubahatisha. Mkurugenzi, mfanyabiashara wa kaseti pale mjini, alikuwa anachukua wanafunzi wa muziki ili wajifunze na kurekodi. Fundi Mkuu, aliyetoka redioni Dar es Salaam, alinitazama miguu kabla ya uso.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Viatu vyako vinalia. Humu kinalia nilichokiruhusu mimi."

Nikavua. Tangu siku hiyo kazi niliifanya pekupeku.

Alinianzisha na usafi. Vumbi letu mnalijua. Likikaa kwenye kichwa cha mashine, pale kanda inapopita, sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua. Unafuta kwa pamba na spiriti, taratibu, kama unamfuta mtoto jicho. Kisha maiki. "Maiki haina adabu," alikuwa akisema, "inasikia hata tumbo la mwenye njaa." Kuta tulizibandika trei za mayai zimeze mwangwi.

Halafu Mkurugenzi akaleta kutoka Dubai mashine ya njia nne. Kanda ni moja, lakini kila sauti inapita njia yake, unairekodi peke yake, baadaye unazichanganya. Akaniita.

"Lete wanawake wa kwenu wanaoimba. Kila mmoja njia yake, safi. Ukiweza, nakuajiri. Ukiharibu, karanga zako zinakusubiri shambani."

Mama ndiye aliyekuwa anaita wimbo. Shangazi na wenzake wawili wanaitikia. Mama aliingia kwanza, akarekodiwa njia ya kwanza. Aliita, akanyamaza kuwaachia wenzake nafasi, akaita tena. Akamaliza, akaenda zake sokoni kutafuta chumvi.

Nikamvalisha shangazi hedifoni. Akaruka kama kamwagiwa maji.

"Mama yako yuko wapi?"

"Kaenda sokoni, shangazi."

"Sasa huyu anayeniita ni nani?"

"Ni yeye. Sauti yake tu. Wewe itikia."

Akaivua ile hedifoni, akaiweka mezani polepole. Kwetu ukisikia unaitwa na mwitaji humwoni, unafunga mdomo. Mtoto mdogo analijua hilo.

"Simwitikii nisiyemwona," akasema.

Fundi Mkuu akajaribu. "Mama, hii ni mashine tu, haina mambo."

Mmoja wa wenzake shangazi akadakia, "Fundi, wewe mkeo akikuita uko kilabuni huitikii hata ukimwona. Mwache mwenzio!"

Wakacheka. Mimi machozi yalikuwa karibu. "Shangazi, kazi yangu jamani."

"Kazi yako naitaka. Nitaimba mpaka koo likauke. Kamlete mama yako."

Nilikimbia sokoni pekupeku, nikarudi na mama na chumvi yake. Fundi Mkuu akaweka kanda nyingine, wakasimama duara, maiki moja katikati, wakaimba wakitazamana. Sauti zikaingiliana na makofi na kikohozi cha mtu. Mkurugenzi akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimenunua njia nne, binti. Umetumia moja."

Shambani hakunirudisha. Alinipeleka chumba cha nyuma kudurufu kaseti, kutoka moja kwenda nyingine, kutwa nzima, na miksa sikuigusa tena mpaka Fundi Mkuu aliporudi Dar es Salaam na Mkurugenzi akakosa mtu. Hapo nikawa fundi. Nimerekodi kwaya, nimerekodi bendi, na wengi nimewarekodi njia kwa njia, kwa sababu kweli inatoka safi, na wanafunzi wangu nimewafundisha hivyo hivyo. Kompyuta ziliponishinda macho, nikastaafu. Shangazi nilimnunia miaka mingi. Niliona ushamba wake ndio ulionifungia chumba cha nyuma.

Sasa mjukuu wangu Nyemo anasoma muziki. Amepanga chumba Ipagala, studio nzima iko ndani ya kompyuta yake, na mimi majirani nimewachosha kwa kumsifu. Juzi alinikalisha kitini. Ameipata ile kanda ya kwanza, ya mama peke yake, ameisafisha, anataka kuipeleka chuoni kama kazi yake ya mwisho. Wote walioimba siku ile wameshazikwa.

"Bibi, waitikiaji hawamo, na wimbo unaujua wewe tu. Nikupe sauti ya mama yako, wewe uitikie?"

Akanivalisha hedifoni. Mama akaita. Karibu kabisa, pumzi yake naisikia, mzima kuliko alivyokuwa siku za mwisho. Akanyamaza, akaacha nafasi. Akaita tena. Akaacha nafasi.

"Hapo, bibi. Nimewasha."

Wimbo mdomo wangu unaujua. Nyemo alikuwa ananitazama, kidole juu ya kitufe. Nikaivua hedifoni, nikaiweka mezani polepole.

"Simwitikii nisiyemwona."