Aliyekuja Kukizeesha Kifaru cha Shabani

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sikusimuliwa na jirani, wala sikuota. Yalinipata mchana, kwenye baraza ya nyumba yetu, mtaani Buyenzi, nikiwa nimekaa mbele ya cherehani yangu. Ukitaka kucheka, cheka kwanza, ukimaliza unisikilize.

Kaka yangu Shabani alikuwa fundi wa kupaka magari rangi. Miaka ile ya krizi, ya vita na risasi, familia moja ya Waarabu waliokuwa na duka karibu nasi walifunga virago kurudi Maskati. Mzee wao alimpenda sana Shabani, akamwachia zawadi: boksi la vipande vya plastiki, kifaru cha kuunganisha mwenyewe. Kikikamilika hakizidi urefu wa ndala. Utaniuliza, nani anataka kifaru cha plastiki katika mji ambao vifaru vya kweli vinapita barabarani? Hata mama aliuliza. Shabani akamjibu, "Hii haina risasi, mama. Hii njo ya kwetu."

Basi ikawa kazi yetu sisi wawili. Jioni, watu wakishafungiwa ndani na amri ya kutotoka, tulitandika gazeti sakafuni. Yeye alikata vipande na kuvipiga msasa. Mimi, kwa kuwa vidole vyangu vimezoea sindano, niligundisha vile vidogo: taa, ndoano, kifuniko cha dereva. Minyororo ndiyo ilitutoa jasho, maana kila pingili iliunganishwa peke yake. Kisha akakipulizia rangi ya chini, ya kijivu, halafu kijani, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Kila rangi aliijaribu kwanza kwenye ukucha wa dole gumba lake la kushoto. Hata msikitini alikwenda na ukucha wa kijani, watu wakimtania.

"Sasa imebaki kukizeesha," akasema. Kifaru kipya ni uongo, alinieleza. Kinatakiwa kiwe na kutu, na machubuko pale askari wanapokanyaga wakipanda, na masizi kwenye bomba la moshi, na matope huku chini. "Mutu akikiona ajue kimetoka mbali."

Hakuwahi kukizeesha. Tajiri mmoja alimwita juu milimani, upande wa Bubanza, akamalizie kupaka lori lake. Shabani akaviringisha brashi zake kwenye kitambaa, akaondoka asubuhi. Barabara ikafungwa nyuma yake. Hakurudi yeye, halikurudi lori, na tajiri naye hatukumsikia tena.

Watu wa mtaa walikuja kumshauri mama tusome hitima. Mama akakataa. "Hitima ya nani? Nani ameniletea maiti?" Baada ya hapo akalala kitandani, akawa haamki ila kwa kushikwa. Macho yake nayo yalikuwa yameshaingia ukungu. Mimi nikakiweka kifaru dirishani, karibu na cherehani. Nilikifuta vumbi kila asubuhi. Kukigusa kwa brashi sikuweza, niamini. Ningekimaliza, ningekuwa nimekubali kwamba mwenyewe harudi.

Masika ikapita, ikaja nyingine. Siku moja mvua ilishuka kwa nguvu, baada ya adhuhuri, mtaa wote ukakimbilia chini ya mabati. Mwanaume mmoja akapanda barazani kwetu. Mrefu, uso mwembamba, koti la kaki. Sikuwahi kumwona.

"Salaam aleikum, dada. Nijifiche hapa kidogo?"

"Aleikum salaam. Karibu, kaa."

Akakaa kwenye mkeka. Ni hapo nilipoona kwamba koti lake lilikuwa kavu. Mvua ile, na mtu katoka ndani yake, kakauka kama nguo ya pasi. Ila upindo wa suruali ulikuwa umejaa matope mabichi, mekundu. Wewe unaijua Buyenzi: udongo wetu ni wa mchanga, wa kijivu. Wekundu ule ni wa milimani.

Akakitazama kifaru dirishani. "Mbona kiko safi vile?"

Nikaenda ndani nikaleta rangi, brashi zilizobaki na chupa ya petroli, nikaviweka mbele yake. Usiniulize kwa nini. Hata leo sijui.

Alizimua rangi nyeusi kwa petroli, akaiacha itiririke kwenye mistari ya maungio, akafuta iliyozidi. Akachukua kipande cha sponji, akadonadona kahawia kwenye kingo, na kutu ikatokea palepale. Alisugua penseli kwenye minyororo mpaka ikang'aa kama chuma kilichosagika barabarani. Na kila alipobadili rangi, aliigusisha kwanza kwenye ukucha wa dole gumba la kushoto.

Uso haukuwa wa Shabani. Mikono haikuwa ya Shabani. Lakini ukucha ule?

Mama akaita kutoka ndani: "Shabani, umekula?"

Yule mtu, bila kuinua kichwa, akajibu, "Nimekula, mama." Sauti ilikuwa ya kaka yangu. Ile ile, ya kukwaruza kidogo.

Nikasikia kitanda kinalia. Mama, ambaye hakuwa akiinuka peke yake, akaja akipapasa ukuta mpaka kwenye kizingiti. "Ingia basi, baba."

"Apana, mama. Niko na matope."

"Matope yanafutika."

Hakusogea. Alichota matope kwenye upindo wa suruali yake kwa ncha ya brashi, akayapaka kwenye minyororo, polepole, mpaka kifaru kikawa kimetoka mbali kweli. Akakirudisha dirishani. Ningeweza kunyamaza. Angekaa zaidi labda, angekunywa hata chai. Lakini ningenyamazaje? Nikasema, "Shabani?"

"Labeka," akaitika, na akasimama. Alinitazama kwa lile jicho la mtu aliyeitwa na kazi nyingine. Akashuka mvuani. Nilimkimbilia mpaka njiani. Majirani waliokuwa wamejibanza ng'ambo waliniona mimi peke yangu, nikikimbia kichwa wazi.

Jioni hiyo mama alipika mwenyewe. Aliishi miaka mingi baadaye akiwa na raha, akiwaambia watu mwanawe alipita kumsalimia. Ustadhi wa msikiti wetu aliniambia ni jini aliyeazima sauti. Huenda. Ila yale matope mekundu hayajakauka hadi leo. Ukiyagusa yanabaki kidoleni. Nimeposwa mara mbili, nikakataa, kwa sababu kuolewa ni kuhama nyumba hii.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayemsubiri mtu. Akikujia kwa uso usioujua, mpe kazi yake aifanye, mpe mkeka, mtazame mpaka ushibe. Jina lake lizuie mdomoni. Mimi sikulizuia, na sasa kila mvua ikianza naacha kushona, nasikiliza nani anapanda barazani.