Mlinzi Aliyefundisha Matusi ya Kiingereza

Jumatatu nilipigiwa simu na fundi cherehani wa mtaa wa Joubert Park, hapa mjini: yule mlinzi wetu Mkongo, mwalimu wa matusi, amefariki. Presha. Wasomaji wangu mniwie radhi kwa cheo hicho. Alijipa mwenyewe, tena alikipenda. Nilimfahamu mwaka 2015, nilipokuwa nikifundisha Kiingereza kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Masomo yangu yalikuwa adabu tupu: salamu, tafadhali, samahani, asante.

Alikuwa akilinda ofisi fulani huko Midrand. Siku moja meneja, Mwingereza, alimkuta getini anadurusu daftari la darasa langu, akamfokea, "Bugger off!" yaani potelea mbali, tena kwa tusi. Sasa, walinzi wa mji huu neno off wanalijua vizuri: ni siku ya mapumziko. Mwenzetu akajibu, "Thank you, sir," kwa matamshi niliyomfundisha mimi, akachukua mfuko wake akaenda zake nyumbani. Kesho yake alikuta barua ya kufukuzwa kwa kosa la kutoroka lindo.

"Mwalimu, ule muzungu alisema off, mi nikajua amenipatia off," aliniambia. "Kazi nitapata ingine. Lakini ile asante nilimupa, eish, njo inaniuma."

Nilicheka. Nakiri nilicheka hadi machozi, naye akanisubiri kwa upole nimalize.

Alipopata lindo jingine, akaanzisha darasa lake chumbani kwake, akifundisha piss off, sod off na ndugu zao wote. Nilipita huko mara moja nikamkuta msusi mmoja anamuuliza, "Sasa papa, na sisi tuwaambie hivyo?"

"Hapana, mama. Ujue tu. Wakikutukana, usicheke nao."

Akaniomba niwe napita saa moja tu kila Jumamosi kumsaidia matamshi. Nikamwambia mtu wa chuo kikuu hafundishi mambo hayo, nikajifanya nina haraka. Hakuniomba tena, ingawa tulisalimiana vizuri kila tulipokutana.

Leo naona haya. Nilimnyima saa moja ya Jumamosi kwa kulinda jina langu, na yeye alikuwa analinda heshima ya watu wasiojua wanaambiwa nini. Tukimfundisha mgeni maneno ya heshima peke yake, tunamrahisishia kazi yule atakayemdharau, na mgeni mwenyewe tunamnyima hata haki ya kukasirika.