Siku Mtani Wetu Aliponisalimia kwa Adabu

Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wazima husalimiana kwa kutukanana. Asubuhi za Tabora zina mwanga wa rangi ya asali, na ndani ya mwanga huo, mara kwa mara, mwanamke mmoja alisimama getini kwetu akapaza sauti:

"Wapagazi! Mizigo imefika wapi?"

Bibi yangu, akiwa amekaa na ungo wa maharage mapajani, hakuinua hata uso.

"Bado tuko njiani. Mzigo wenyewe ni babu yako, mzito kwa kula nazi."

Walicheka hadi kuku wakakimbia, kisha chai ikamiminwa.

Mwanamke yule ni Mzaramo, sisi ni Wanyamwezi, na hiyo inatosha. Babu zetu walitembea kutoka huku hadi pwani na pembe za ndovu mabegani. Walifika kwao wamekonda, wana kiu na hasira. Wakagombana nao, wakapeana maji, mwisho wakazikana. Njia ile imeota majani, lakini utani umebaki, kama majivu ya kambi ambayo ukiyachokoa unakuta bado yana joto. Yeye alikuja Tabora na mumewe aliyefanya kazi ya reli. Mume akafariki, yeye akabaki na cherehani yake mtaani Kitete.

Bibi alipofariki, mtani wetu ndiye aliyevaa khanga za marehemu akaiga kuchechemea kwake. Alijilaza mlangoni jeneza lisipite. "Mnalia nini?" alituambia. "Mnalia kama mmepoteza mbuzi! Huyu alininyima asali tangu nimfahamu, leo mnataka nimpishe?" Tulicheka, machozi yakaingia midomoni. Baadaye aliingia jikoni akasonga ugali wa waombolezaji wote, na jioni nilimwona ameketi peke yake nyuma ya nyumba, bado amevaa khanga zile, amezishika pindo kwa mikono miwili.

Nasimulia hayo kwa sababu bila hayo, yaliyofuata yataonekana kama yalivyoonekana kwa wageni.

Nilikuwa nimeanza kuandika riwaya mtandaoni. Sikuwa na mchapishaji. Nilikuwa na simu, na dirisha linalotazama barabara ya vumbi ambayo jioni hugeuka dhahabu. Kila Ijumaa niliweka sehemu mpya kwenye ukurasa wangu. Ilikuwa hadithi ya mwanamke aliyefuata msafara hadi pwani akiwa na chungu kichwani, akimtafuta mumewe. Nikiandika, nilisikia nyayo. Wakati mwingine nilisimama nikaenda getini kutazama, na barabarani hapakuwa na mtu isipokuwa mwendesha baiskeli mmoja kutoka Sikonge, amefunga madumu ya asali nyuma, anapita polepole.

Wasomaji waliongezeka. Wa kwanza kuandika maoni, kila Ijumaa, alikuwa mtani wetu. Alisoma akiwa ameegemeza simu kwenye cherehani.

"Mnyamwezi gani anachoka Igalula, hapo jirani tu?" aliandika chini ya sehemu ya pili. "Hata jasho halijatoka! Mpagazi wako mvivu kama wewe."

Nikamjibu: "Mwache apumzike. Akifika kwenu atakuta mmeshauza shamba mkakodi ngoma."

"Afadhali ngoma kuliko michembe yenu, mtu anatafuna viazi vikavu kama anatafuna kiatu."

Watu wakaja kwa ajili ya hadithi, wakakaa kwa ajili ya maoni. Wasukuma waliingia, Wazigua waliingia, kila mmoja na tusi lake alilorithi. Usiku nikifunga macho niliona maneno yale yanatembea kwa mstari, moja nyuma ya jingine, kuelekea baharini.

Halafu ikaja taarifa ya mtandao, kwa Kiswahili kilichonyooshwa kama shati la ofisini. Ilisema maoni ya mtani wetu yalikuwa yanashambulia watu kwa sababu ya kabila lao. Yamefutwa. Yeye amezuiwa kuandika kwa muda. Na ukurasa wangu, likitokea tena jambo la namna hiyo, utafungwa pamoja na vyote vilivyomo.

Nilicheka kwanza. Kisha ukaja ujumbe wa faragha kutoka kwa msomaji nisiyemfahamu.

"Ni mimi niliyeripoti," aliandika. "Napenda unavyoandika, ndiyo maana nakwambia. Mimi ni wa Ulyankulu. Wazazi wangu walikimbia kutoka Burundi. Baba anasema huko mambo yalianza hivihivi, watu wakitaniana makabila na kucheka. Nikisoma yale maoni nainuka kufunga mlango."

Niliusoma ujumbe ule mara nyingi. Nilitaka kumwambia kwamba hajaelewa, lakini kila nilipoanza kuandika nilimwona baba huyo nisiyemjua, amekaa kwenye kiti chake Ulyankulu, anasikiliza kicheko cha watu na kuhesabu milango ya kutorokea.

Wenzangu wa kikundi cha waandishi walinishauri nisihatarishe riwaya kwa ajili ya mizaha ya fundi cherehani. Kuna sehemu ya mipangilio ambako mwenye ukurasa anaweza kuandika maneno asiyotaka yaonekane, na mtu akiyatumia, maoni yake yanajificha yenyewe. Nikaandika: Mnyamwezi. Mzaramo. Mpagazi. Mzigo. Ngoma. Nazi.

Ukurasa ukatulia. Mwanamke wangu wa msafara alivuka mito na nyika, na chini yake watu waliandika: kazi nzuri, hongera, endelea. Hakuna aliyemtaja mpagazi, maana aliyemtaja alitoweka. Ilikuwa kama kutembea katika mji ambao kila mtu amefunga madirisha, barabara ikiwa imefagiwa vizuri sana.

Ijumaa moja, baada ya kizuizi chake kuisha, jina la mtani wetu likatokea. Alikuwa ameandika:

"Hongera mwanangu kwa hadithi nzuri. Mungu akubariki."

Nilihisi baridi katika jua la Oktoba. Kwetu, mtani akikutukana yuko na wewe. Akikubariki, ameondoka.

Kesho yake nilikwenda Kitete. Alikuwa anashona sketi ya mteja, mama mmoja mnene aliyekaa kwenye benchi akisubiri. Hakuniuliza mizigo.

"Karibu mwanangu. Hujambo?"

Nilijikuta nimesema, "Shikamoo." Sikuwa nimewahi kumwamkia hivyo maishani mwangu.

"Marahaba. Habari za nyumbani? Nikusaidie nini?"

"Umekasirika."

"Nikasirike kwa nini? Mimi nina chuki, imeandikwa. Mtu mwenye chuki inabidi ajichunge." Alikanyaga pedali, sindano ikakimbia.

Nikamweleza habari za msomaji wa Ulyankulu. Pedali ikasimama.

"Wazazi wake walikimbia?"

"Ndiyo."

Alinyoosha kitambaa kwa kiganja, ingawa hakikuwa na mkunjo. "Basi ana haki ya kuogopa. Maskini. Yeye hanijui." Kisha akanitazama. "Ila wewe unanijua. Juzi niliandika neno mpagazi, likazama kama jiwe kisimani. Nikaandika tena, likazama. Nikamuuliza jirani, akaniambia hilo si la mtandao, hilo limewekwa na mwenye ukurasa."

Nje, vumbi lilikuwa limesimama hewani, halijui liende wapi. Nikatoa simu, nikaketi karibu naye aone, nikaanza kuyafuta yale maneno moja baada ya jingine. Nazi. Ngoma. Mzigo. Nilipomaliza alirudi kwenye kushona, nikaelewa kwamba mlango nimeufungua lakini sijamkaribisha ndani.

"Na hiyo sketi," nikasema, "upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Unashona huku unacheza ngoma?"

Mama wa kwenye benchi aliinuka nusu kuitazama sketi yake.

Mtani wetu aliinua uso kutoka kwenye sindano. "Na wewe," alisema taratibu, "mbona kichwa kimebonyea juu? Mzigo wa babu yako bado haujatuliwa tu, mpagazi wee?"

Nilicheka, kumbe nalia. Mama yule akauliza kwa wasiwasi, "Jamani, sketi ni ndefu au si ndefu?"

Nilikuwa nimebakiza sehemu ya mwisho, msafara unapofika pwani. Nilikuwa nimeiandika na kuifuta, kwa sababu nilijua vumbi lakini sikujua sauti ya wale wanaopokea. Siku ile nilimuuliza wanawake wa kwao wangewaambia nini wapagazi waliofika na kiu. Alinisimulia hadi taa ikawashwa, akiwaigiza mmoja mmoja, mwenye mtungi, mwenye mtoto mgongoni, ajuza asiye na meno, na wote walikuwa na matusi mazuri ajabu, na wote mikononi walikuwa na maji.

Niliandika kama alivyosema. Juu yake niliweka maelezo mafupi ya utani ni nini, na msiba wa bibi, na khanga. Nilijua ukurasa unaweza kufungwa. Nikaweka.

Msomaji wa Ulyankulu aliniandikia asubuhi. "Nimesoma na yale ya juu. Safari hii sikuripoti. Lakini bado niliinuka kufunga mlango." Nikamshukuru. Sikumwomba zaidi.

Haikusaidia. Kabla wiki haijaisha ukurasa ulifungwa, sijui kwa ripoti ya nani, au bila ripoti ya mtu. Wasomaji hawauoni tena. Mimi bado nauona nikiingia, ila siwezi kuandika kitu. Ni kama kutazama nyumba yenu kupitia dirishani, taa zinawaka, hakuna mtu. Chini ya sehemu ya mwisho kuna maoni yake ya mwisho:

"Umewafikisha, Mnyamwezi! Nilidhani utawapoteza Morogoro. Sasa wape maji, usiwaache wamesimama kama wewe ulivyosimama mlangoni kwangu na shikamoo zako."

Nilimpelekea simu akaona. Aliyasoma kwa kujivunia, midomo ikitembea.

"Na jibu lako liko wapi?"

"Siwezi kujibu, mtani. Wamefunga."

"Wamefunga simu. Na mdomo?"

Nikavuta kiti. Mwanga ulikuwa unaingia kwa chini, ule wa rangi ya asali, ukigusa vipande vya vitambaa sakafuni.

"Maji tumekunywa," nikamwambia. "Yana chumvi kama mapishi yako."